Taco Mbili za Dagaa

Tatizo la kwanza lilikuwa jina. Taco, ukiitamka kama wanavyoitamka wenyewe kule Meksiko, kwa Kiswahili unakuwa umetaja sehemu ya mwili ambayo mtu aliyelelewa haitaji mbele ya baba yake. Mwenye mgahawa alilijua hilo mapema, ndiyo maana chini ya bango lake akaongeza kwa rangi nyekundu: "Ni chakula. Ingia ule, utacheka baadaye." Haikusaidia. Vijana wa bodaboda wanaoegesha mbele ya duka la pembejeo, upande wa pili wa barabara, walikuwa wameshaligeuza bango hilo burudani yao ya mchana. Mmoja anavuka, anaagiza "mawili, makubwa," wenzake wanaangua kicheko mpaka abiria wanatafuta pikipiki nyingine.

Mgahawa wenyewe ni chumba kimoja cha duka chenye baraza la bati, katika mtaa wa nyuma ya Soko Kuu la Songea. Meza tano, viti vya plastiki vya rangi nne tofauti, kofia tatu pana za ukindu zilizotundikwa kwenye misumari, na taa za Krismasi zinazowaka hata mwezi wa saba. Mwenyewe ni kijana wa miaka thelathini hivi aliyefanya kazi jikoni kwenye hoteli Zanzibar, akajifunza mapishi haya kwa mpishi mgeni, kisha akarudi nyumbani na akiba yake. Menyu yake ni karatasi moja iliyofunikwa kwa nailoni: taco ya kitimoto, taco ya dagaa wa Nyasa, taco ya maharage na parachichi, na kitu alichokiita burito ya makande, ambayo mimi niliionja mara moja na mpaka leo simshauri mtu.

Nilikuwa nimeshakula pale mara mbili na walimu wenzangu. Mara ya tatu nilimpeleka baba.

Alikuwa amekuja mjini kupimwa macho. Ana miaka sabini na kidogo, na kwa mwaka mzima alikuwa akilalamika kwamba watu siku hizi wana sura za moshi. Walipomaliza kumpima wakamwambia ni mtoto wa jicho, arudi baada ya wiki mbili afanyiwe upasuaji. Ilikuwa saa saba mchana, baridi ya Julai imeingia mifupani, na gari la kumrudisha kijijini lilikuwa bado. Ningeweza kumpeleka kwa mama ntilie wetu wa siku zote akale ugali na maharage. Lakini kwa mama ntilie mnakaa bega kwa bega, na Songea ni mji ambao mtu usiyemjua kwenye benchi huwa anageuka kuwa shemeji wa shangazi yako. Mimi nilikuwa na jambo la kumwambia, na nilitaka aambiwe na mimi, peke yetu, kabla hajalisikia kijijini.

Jambo lenyewe lilikuwa limefika wiki moja kabla. Binamu yangu ni mwalimu Korogwe, mkoani Tanga. Siku moja baada ya ibada, majina ya wagonjwa wa kuombewa yaliposomwa, alisikia jina la ukoo wetu. Si jina la kawaida kule. Akamtafuta mgonjwa, akamkuta mama mmoja aliyezaliwa 1963, mwenye miguu inayovimba na kumbukumbu isiyovimba hata kidogo. Mama yule alimtajia jina la kijito kinachopita nyuma ya nyumba yetu. Akamtajia jina la bibi yangu, mama yake baba. Akasema: huyo alikuwa mke mkubwa wa baba yangu, aliyemwacha kwao Ungoni.

Babu yangu aliondoka Songea mwaka 1958. Baba alikuwa na miaka mitano.

Kwa wasomaji wasiotoka kusini, inabidi nieleze kidogo. Wakati wa Waingereza, Songea haikutazamwa sana kama mahali pa kuweka mashamba makubwa. Ilitazamwa kama mahali pa kuchukua watu. Tumbaku ilikuwepo, ndiyo, na ushirika wake, lakini kodi ilitaka fedha taslimu, na fedha ilikuwa kwenye mkonge: Tanga, Korogwe, Pangani, Morogoro, Lindi. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, na malori yake yakawa yanafika huku kuchukua vijana kwa mkataba. Waliitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa. Kibarua alikuwa na kipande, kadi yenye visanduku vya siku 30 za kazi. Umemaliza kipimo chako cha siku, kisanduku kinatiwa alama. Hukumaliza, siku hiyo umeifanya bure. Kuna familia chache sana za Kingoni zisizo na mtu aliyepanda lori lile. Wengi walirudi. Wengine walirudi na baiskeli, cherehani na mablanketi. Wengine wakaoa hukohuko, na wajukuu wao leo wanaongea Kiswahili cha Tanga na kuitwa Wangoni bila kuujua Mto Ruvuma.

Nyumbani kwetu habari hizi hazikuwa za kusimulia. Bibi, ambaye nilimkuta, alikuwa na sentensi moja tu: "Mkonge umemla mume wangu." Alikataa kamba ya katani isiingie nyumbani mwake. Mbuzi wake walifungwa kwa kamba za magome ya miti, na watoto tulipookota kipande cha kamba ya katani njiani tulijua cha kukifanya: kukitupa kabla hajatuona. Tulidhani ni mwiko wa ukoo.

Basi ndiyo hayo niliyokuwa nimeyabeba tukikaa barazani, mimi na baba, siku hiyo ya kupimwa macho. Na kabla sijafika popote, menyu ikaletwa.

"Nisomee, mama," baba akasema. Mimi binti yake huniita mama, kama wababa wengi wa huku. "Mimi leo wamenitia dawa, sioni."

Nilitazama karatasi. Kila mstari ulianza na neno lilelile.

"Kuna ya dagaa, baba."

"Ya dagaa nini?"

"Chapati. Chapati ya mahindi ya dagaa. Na nyingine ya maharage."

Mhudumu, binti mdogo aliyekuwa ameshamwamkia baba shikamoo mara mbili kwa hofu ya kitakachofuata, alishika kalamu na kutazama juu. Upande wa pili wa barabara bodaboda walikuwa wamenyamaza, wanasubiri. Nikamwonyesha kwa kidole kwenye karatasi: mbili za dagaa, mbili za maharage na parachichi. Akaandika. Akasahau, mazoea yakamshinda, akaita kuelekea jikoni kwa sauti ya kuimba: "Taco nne!"

Baba aligeuza kichwa taratibu. "Kasemaje yule mtoto?"

"Ni jina la chakula, baba. La Kihispania."

Alikaa kimya kwa muda. Halafu mabega yakaanza kutikisika, na nilijua anacheka kwa ile namna yake ya kuficha, kofia imeshuka usoni. "Nne," alisema. "Nani atazimaliza?" Sikumbuki lini mara ya mwisho mimi na baba tulicheka pamoja jambo la namna hiyo. Nadhani haikuwahi kutokea.

Nilisema ukuta una kofia. Sikusema kuhusu mchoro. Ukuta wa ndani wote, kutoka sakafuni hadi darini, mwenye mgahawa alimlipa fundi wa mabango amchoree "Meksiko," akampa picha kwenye simu. Fundi akachora jua, mlima unaofanana sana na Matogoro, na mbele yake mmea mmoja mkubwa kuliko mlango, majani yake kama panga zilizochomekwa ardhini zikatazama juu. Baba aliinuka kwenda kunawa mikono, akapita karibu na ukuta ule, akasimama. Macho yake hayakuweza kusoma menyu, lakini kitu cha ukubwa ule kilimfikia. Akanyoosha mkono, akaugusa ukingo wa jani kwa kidole gumba, kama mtu anayepima ukali wa kisu.

"Nani kachora mkonge hapa?"

Kijana alitoka jikoni akifuta mikono. "Shikamoo, babu. Huo si mkonge. Ni agave. Ndiyo wanaotengenezea ile pombe yao, tekila."

"Marahaba. Huu ni mkonge."

Walikuwa sahihi wote wawili. Nafundisha jiografia, na hili ni miongoni mwa mambo ninayopenda kuyasema darasani, kwa sababu wanafunzi hudhani mkonge umezaliwa Tanga pamoja na machungwa ya Muheza. Mmea wa tekila na mkonge ni ndugu wa tumbo moja, agave wote wawili. Mkonge asili yake ni Meksiko, upande wa Yucatan. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta pwani yetu kutokea Florida. Inasimuliwa kwamba aliagiza miche 1,000 na ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutoka kwenye hiyo michache yakapatikana mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 tulizalisha karibu tani 230,000. Darasani huishia hapo. Sijawahi kuwaambia wanafunzi kuhusu kamba za mbuzi wa bibi yangu.

Baba alirudi mezani, hakunawa. Nikamletea maji kwenye bakuli.

Chakula kikaja. Niseme ukweli kuhusu chakula, kwa sababu wengi mtauliza. Zile chapati ni ndogo, kiganja cha mkono, za manjano iliyofifia, zimeungua kidogo sehemu sehemu. Juu yake dagaa wa Nyasa waliokaangwa wakakauka kabisa, kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, kachumbari yenye dhania nyingi, ndimu, na pilipili ambayo kijana anaisaga na karanga. Unaikunja, unaila kwa mkono. Dagaa wanavunjika, ndimu inashuka mpaka kwenye kiwiko. Ile ya maharage ni laini na parachichi lake limepondwa na kitunguu na chumvi. Ya dagaa ni bora mara mbili. Bei ni shilingi 1,500 kila moja, ambayo kwa mtu wa ugali wa 2,000 unaojaza sahani ni maringo, na nadhani hicho ndicho kitakachomwangusha kijana huyu, si jina.

Baba alikula kipande cha kwanza bila kusema. Akatoa dagaa, akaiweka chapati tupu ulimini.

"Majivu," alisema.

Kijana, aliyekuwa akijifanya anapanga soda, akageuka kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. "Babu umejuaje?"

Hapo ndipo mazungumzo yalipowaka, na mimi nikawa msikilizaji. Unga wetu, dona au sembe, ukiukanda na maji hauwezi kukunjika. Chapati yake inapasuka. Kule Meksiko mahindi hayasagwi makavu. Yanachemshwa na chokaa, yanalala usiku kucha, asubuhi ganda linatoka kwa kusugua na mikono, halafu yanasagwa yakiwa mabichi hivyohivyo, na donge lake linashikana. Kijana hakupata chokaa ya kupikia Songea nzima, ile ya dukani ni ya kupakia kuta. Akajaribu maji ya majivu ya kuni, yaliyochujwa. Yakakubali. Mashine za kusaga zilimfukuza, hakuna anayetaka mahindi mabichi kwenye mashine yake, kwa hiyo anasaga kwa kile kinu cha mkono cha karanga, kuanzia saa kumi na moja alfajiri.

"Mama yangu alipikia maharage maji ya majivu," baba akasema. "Na mboga. Chumvi ilikuwa ya siku za wageni."

Alimuuliza kijana majivu ya mti gani. Akamwambia aache ule mti, una uchungu; ajaribu majivu ya maganda ya maharage. Kijana akaandika kwenye simu yake. Mahindi, maharage, nyanya, pilipili, parachichi, vyote vina asili huko Amerika, na mahindi yenyewe yalianza kufugwa kutoka kwenye jani la porini kusini mwa Meksiko miaka takriban 9,000 iliyopita. Yalipovuka bahari na Wareno na wengine, yalivuka bila ile elimu ya chokaa na majivu. Sehemu za Ulaya watu maskini walioishi kwa mahindi matupu wakaugua pelagra, ngozi zikichubuka, kwa sababu ile chokaa ndiyo inayofungua vitamini iliyojifungia ndani ya punje. Nilikuwa na mpango wa kusema hayo yote mezani. Sikusema. Ruvuma ni mmoja wa mikoa mikubwa ya mahindi nchini, baba ameyalima maisha yake yote, na ilitosha kumtazama akieleza majivu.

Kijana aliporudi jikoni baba alinyamaza, akitazama upande wa ukuta. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Akaanza yeye.

"Aliwahi kurudi mara moja," alisema. Hakusema nani. "Nilikuwa nimeanza shule. Alikuja na blanketi jekundu, akakaa mwezi mmoja wa mavuno. Mikono yake ilikuwa imechanwachanwa mpaka huku," akaonyesha juu ya kiwiko. "Nikamuuliza nani kakuchapa. Akanichorea chini, kwa kijiti. Mmea kama huo. Akasema, huyu hapa ndiye bwana wangu." Akamenya dagaa mmoja aliyebaki sahanini, akamrudisha. "Asubuhi moja nikaamka, blanketi lipo, yeye hayupo. Mama akalichoma."

Hilo la blanketi sikuwahi kulisikia. Nadhani hata mama yangu, aliyeishi naye miaka arobaini na minne, halijui.

Nikamwambia. Nilimwambia kwa mpangilio niliokuwa nimeujaribu usiku: binamu, ibada, jina, kijito. Nikamwambia babu alifariki 1981 na kaburi lipo, limejengewa. Kwamba alikata mkonge miaka mingi, baadaye akawekwa korona, kwenye mtambo wa kuchakata majani, akawa anatoka na singa kwenye nywele. Kwamba mwanamke yule ana kaka zake wawili waliokwisha kufa, amebaki yeye. Kwamba anacho kipande kimoja cha babu, ametunza kwenye Biblia, na binamu amekipiga picha.

"Lete."

Nilimpa simu, nikaikuza picha. Aliisogeza puani, akaipeleka mbali, akairudisha. Visanduku, alama za wino, mwandiko wa karani. "Sioni," alisema. "Nisomee."

Nikamsomea jina. Nikamsomea namba. Nikamsomea alama moja moja, kwa sababu alitaka hivyo: kisanduku cha kwanza kina alama, cha pili kina alama, cha tatu kina alama, cha nne hakina. Pale kwenye cha nne alinisimamisha.

"Siku hiyo aliumwa?"

"Haijaandikwa, baba."

"Endelea."

Nilisoma visanduku vyote 30. Vilivyokosa alama vilikuwa sita. Binti mhudumu alikuja kutoa sahani, akatuona, akageuka bila kuzigusa. Bodaboda walikuwa wakipiga honi kumwita mwenzao aliyepata abiria wa Lizaboni.

Baba hakuuliza yale niliyoyaogopa. Hakuuliza kwa nini babu hakuandika, wala kama huyo mke wa pili alijua kuna mtoto wa miaka mitano huku. Aliuliza yule dada anaumwa miguu yote au mmoja. Aliuliza kama anakula. Kisha akauliza, kwa sauti ileile aliyomuulizia kijana majivu, kama anafanana naye. Nikasema binamu anadai paji la uso ni lilelile. Akaligusa paji lake, akavaa kofia.

Alilipa yeye, hakukubali nishike pochi. Alimwita kijana, akamwambia chakula ni kizuri ila abadilishe jina, wazee wa Songea wana pesa lakini wana aibu. Kijana akacheka, akasema jina ndilo linaloleta wateja. Wakabishana kidogo. Mwisho akafungiwa moja ya dagaa kwenye karatasi, ya kumpelekea mama.

"Nikimpa nimwambie naitwaje hii?"

"Mwambie chapati, baba."

"Nitamwambia jina lake," akasema. "Amenivumilia mengi."

Tulichukua bajaji mpaka stendi. Siku hizi mabasi ya Songea yanaondokea nje ya mji, Shule ya Tanga, katika kata inayoitwa Tanga, na wageni wengi hubabaika kuiona Tanga huku kusini. Gari la kijijini lilikuwa linajaza. Nilimtafutia kiti cha dirishani, nikaweka mfuko wake, nilipogeuka hayupo. Nilimkuta kwenye vibanda vya tiketi, amesimama mbele ya kijana aliyekuwa akila muhogo wa kuchoma, mkono mmoja kwenye kaunta, mwingine umeshika ile karatasi yenye mafuta.

"Nauli ya kwenda Tanga shilingi ngapi?"

Yule kijana alimtazama kofia, akamtazama macho yenye machozi ya dawa. "Mzee, si ndiyo upo Tanga hapa?"

Wapiga debe wakacheka. Baba alingoja wamalize.

"Tanga ya mkonge," alisema. "Tutakuwa wawili. Na usiniandikie ya wiki hii, nasubiri jicho."